Testa inapita, mtandao haupiti: kisa cha waya wa uani, Uyole

Nyumba iko Uyole, Mbeya, si mbali na pale barabara ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Ruta, kifaa kinachogawa mtandao ndani ya nyumba, imewekwa sebuleni, nyumba kubwa. Kijana wa hapo ni mwanafunzi wa chuo na kazi zake nyingi huzituma kwa mtandao. Mwezi Novemba alihamia chumba cha uani na kompyuta yake ya mezani akaenda nayo. Waifai ya sebuleni haimfikii huko: kuta ni za tofali za kuchoma, nene, na katikati kuna banda la kuku la bati. Akaitwa fundi akavuta waya wa mtandao. Ulitoka kwenye ruta, ukapanda darini, ukachomoza chini ya paa, ukavuka ua ukiwa umefungwa kwenye waya wa kuanikia nguo, ukaingia chumbani kupitia pembe ya dirisha. Ni mita 60 hivi.

Tangu siku hiyo mtandao haukutulia. Ujumbe mfupi unakwenda. Kurasa nyepesi zinafunguka, nyingine mpaka uzirudie. Lakini kijana akianza kupakia kazi ya chuo, faili lenye picha na michoro, linafika katikati linakwama, kisha linakatika. Kuna asubuhi kompyuta inawashwa na pale chini kulia kinatokea kialama cha njano, maana yake hakuna intaneti kabisa. Akichomoa na kuchomeka tena, inashika. Wakati huohuo simu za sebuleni zinaangalia video bila shida yoyote.

Mpaka naitwa mimi, familia ilikuwa imeshatoa hela mara kadhaa. Windows ilikuwa imefutwa na kuwekwa upya. Kadi mpya ya mtandao ilikuwa imenunuliwa na kufungwa ndani ya kompyuta. Watoa huduma walikuwa wamepigiwa simu, wakaiwasha upya ruta kutoka kwao, wakasema kwao hakuna tatizo. Nilipomwamkia mama mwenye nyumba aliitikia, akaanza moja kwa moja: "Mwanangu, kila anayekuja ana lake. Huyu anasema mvua imeingia kwenye waya, huyu anasema kompyuta imezeeka, huyu anasema kifurushi ni kidogo. Mimi nalipa tu."

Kauli yake hiyo ndiyo iliyonifanya niandike kisa hiki kwa urefu. Hakuna aliyekuja pale akiwa na nia mbaya. Kila mmoja aliona dalili moja akaipa maana kubwa kuliko inayoibeba. Kwenye mtandao wa waya kila dalili hujibu swali moja dogo, na mtu asipojua ni swali gani limejibiwa, atabadilisha vifaa vizima na kuacha kibovu mahali pake.

Nikaanza na taa. Kwenye tundu la ruta ulikochomekwa waya taa ilikuwa inawaka na kupepesa, na nyuma ya kompyuta vilevile. Watu wengi wakiona hivyo huondoa waya kwenye orodha ya washukiwa. Lakini taa inasema jambo moja tu: vifaa viwili vimesikiana na kukubaliana mwendo. Makubaliano hayo hufanywa kwa mapigo ya polepole ambayo hata waya mbaya huweza kuyapitisha. Data yenyewe huenda kwa kasi kubwa mno kulinganisha na mapigo hayo. Basi taa ikizimika umepata habari nzito. Ikiwaka umepata habari kidogo.

Kisha nikafungua dirisha la amri nikaandika ipconfig. Siku hiyo kialama cha njano kilikuwepo, na anwani iliyotokea ilianza na 169.254. Namba hizo mbili zinastahili kukaririwa na kila mwenye kompyuta nyumbani. Kwa kawaida ruta ndiyo inayogawa anwani, na nyumbani nyingi huanza na 192.168. Kompyuta inapoomba anwani bila kupata jibu hujipa yenyewe moja ya hizo za 169.254, ambayo haiwezi kuipeleka nje kwenye intaneti. Kwa hiyo kuiona si dalili ya kifurushi kuisha wala ya watoa huduma kuharibikiwa. Maana yake kompyuta na ruta, humuhumu ndani ya ua, hazijasikilizana. Hapo watoa huduma walikuwa wameshatoka kwenye kesi, na hatukuhitaji kuwapigia tena.

Nikaandika ipconfig /renew. Mara ya kwanza ikasubiri sana, ikashindwa. Niliporudia ikapata anwani ya kawaida. Mtu wa haraka angefurahi na kuaga. Mimi nilitaka kujua kwa nini ombi lilelile, kwa waya uleule, lishindwe kisha lifaulu dakika moja baadaye. Waya uliokatika haufanyi hivyo, na mpangilio uliokosewa kwenye kompyuta haufanyi hivyo. Tabia ya kupata na kukosa ni ya kitu kinachopitisha baadhi na kupoteza baadhi.

Njia ya kuipima ni amri ya ping, kuigongea ruta na kuhesabu majibu. Wengi huigonga kwa ping ya kawaida, inayobeba baiti 32 tu kwenye Windows. Nilipofanya hivyo majibu karibu yote yalirudi, ndiyo maana waliotangulia waliona kila kitu kizuri. Kisha nikaandika hivi:

ping -t -l 1400 192.168.1.1

Hapo kila pakiti, yaani kifurushi kimoja cha data kinachotumwa, inabeba baiti 1400, karibu na ukubwa wa pakiti za kupakia faili. Mistari ya "Request timed out" ikaanza kujipanga kwenye kioo, miwili, jibu, mitatu, majibu mawili, mmoja. Kijana aliyekuwa amesimama nyuma yangu akasema, "Kaka, ndiyo hiyo! Ndivyo inavyofanya nikipakia."

Sababu ya tofauti hiyo ni nyepesi kuielewa. Kila pakiti hufungwa na hesabu ya uhakiki mwishoni. Ikifika na biti moja tu, chembe ndogo kabisa ya data, imegeuka, hesabu haikubali na pakiti nzima hutupwa kimyakimya. Pakiti fupi ina biti chache za kuharibika, ndefu ina nyingi, kwa hiyo waya unaoharibu biti moja moja utaziacha fupi zipite na kuziua ndefu. Nikathibitisha kwa netstat -e, ambayo huonyesha jumla ya makosa ambayo kadi imeyapokea. Idadi ilikuwa inapanda kila nilipoirudia amri ile.

Sasa ilibaki kujua ni nani kati ya watatu: kompyuta, waya au ruta. Hapa hakuna amri inayoshinda miguu. Nilichomeka kompyuta-mpakato yangu kwenye ncha ya waya kule uani, ikapoteza pakiti vilevile. Kompyuta ya kijana ikatoka kwenye lawama, na kadi yake mpya, na Windows yake mpya. Nikaibeba kompyuta-mpakato yangu hadi sebuleni nikaichomeka kwenye tundu lilelile la ruta kwa waya mfupi wa dukani. Pakiti za baiti 1400 zikarudi zote. Ruta nayo ikatoka. Kazi ya dakika kumi hiyo, na ingefanywa mwanzoni familia isingenunua chochote.

Ubaya ulikuwa kwenye waya. Kijana akanionya kwa heshima kwamba fundi wa kwanza alirudishwa na akaupima mbele yao kwa testa. Ni kile kifaa chenye sehemu mbili, moja unachomeka ncha hii na nyingine ncha ile, kisha taa zinawaka moja hadi nane. Zilikuwa zimewaka zote na kwa mpangilio. "Waya wangu mzima," alisema, akaondoka. Nami nilikuwa na testa ya aina hiyohiyo. Nikaichomeka: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, sebuleni na uani sawasawa. Fundi yule hakudanganya.

Kabla ya kukata chochote nilifanya jaribio moja ambalo napenda mafundi wenzangu walizoee. Kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao kuna mahali pa kuchagua mwendo. Kwa kawaida pameachwa vifaa vipatane vyenyewe, na hapa vilikuwa vimepatana megabiti 100 kwa sekunde. Nikaushusha mwendo kwa lazima hadi megabiti 10, kwa namna ya kupokezana, yaani upande mmoja usitume wakati mwingine unatuma. Nasisitiza kupokezana kwa sababu ruta inayotafuta mapatano isipojibiwa huchukua namna hiyo yenyewe. Ukiweka kompyuta kutuma na kupokea kwa pamoja utazalisha tatizo jingine juu ya hili. Basi nikaigonga ruta tena kwa pakiti ndefu. Hazikupotea. Polepole, lakini safi.

Waya unaofanya kazi megabiti 10 na kufa megabiti 100 haujakatika. Una njia, ila njia hiyo haivumilii kasi. Sababu zinaweza kuwa urefu kupita mita 100 ambazo ndizo kikomo, waya wa alumini uliopakwa shaba, maji ndani ya ganda, au nyaya zilizofungwa vibaya vichwani, yaani kwenye plagi za ncha mbili. Urefu ulikuwa mita 60. Ganda nililikagua lote, halikuwa limechubuka. Nilikwangua ncha ya uzi mmoja kwa kisu, shaba ikaendelea hadi ndani. Alumini ingeonyesha weupe. Nikaenda kwenye vichwa.

Kichwa cha plastiki ni kiangavu, rangi zinaonekana bila kukifungua. Ukikishika ulimi wake ukiwa chini, meno ya dhahabu juu, na waya ukija upande wako, namba moja iko kushoto. Nikasoma: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-bluu, bluu, nyeupe-kahawia, kahawia. Kila rangi pembeni ya mwenzake, imenyooka, imebanwa vizuri. Ncha ya pili vivyo hivyo. Ni mpangilio unaopendeza macho, na ndio uliokuwa umeharibu kila kitu.

Mpangilio unaotumika zaidi kwetu ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia namba tatu na sita: nyeupe-kijani na kijani, zimetenganishwa na bluu mbili katikati. Anayeuona mara ya kwanza hudhani ni upotovu wa mtu aliyekosa subira. Ulitokana na simu. Meno mawili ya katikati, ya nne na ya tano, yaliachiwa jozi ya simu, yaani nyaya zake mbili zilizosokotwa pamoja, ili kichwa chembamba cha simu kikichomekwa kwenye tundu pana kikutane na jozi yake. Jozi inayofuata ikalazimika kuikumbatia kwa pande mbili, ndiyo tatu na sita.

Mtandao wa megabiti 100 hutumia jozi mbili tu: namba moja na mbili kwa kwenda, tatu na sita kwa kurudi. Sasa rudi kwenye vichwa vya Uyole. Tatu ilikuwa nyeupe-kijani, sita ilikuwa bluu. Nyaya mbili zilizobeba habari moja zilikuwa zinatoka kwenye misokoto miwili tofauti. Nyeupe-kijani ilisokotwa na kijani ambayo haikuwa na kazi, na bluu ilisokotwa na nyeupe-bluu ambayo nayo haikuwa na kazi.

Na msokoto ndio mtandao wenyewe. Hati ya uvumbuzi ya kusokota nyaya mbili mbili alipewa Alexander Graham Bell mwaka 1881, kwa ajili ya simu, na mpaka leo hakuna aliyeupita kwa bei ile. Habari hupelekwa kama tofauti kati ya nyaya mbili. Kelele ya nje, kutoka kwenye waya wa umeme, mota ya pampu au jozi ya jirani, ikiingia huingia kwenye zote mbili kwa kiasi kilekile kwa sababu zimezungukana. Upande wa kupokea ukichukua tofauti, kelele inajifuta. Kila jozi ndani ya ganda pia husokotwa kwa mkazo wake ili jozi zisiingiliane. Ni kama maksai wawili waliozoeshwa nira moja: mchukue mmoja umfunge na wa nira nyingine, wote wana nguvu, lakini mtaro hauendi sawa.

Hapo dalili zote zikaeleweka. Testa huuliza kama ncha ya tatu ya huku inafika ncha ya tatu ya kule, na ilikuwa inafika. Haiulizi imefika ikiwa imesokotwa na nani. Kompyuta ilipokuwa inatuma, kelele ya jozi yake ya kutuma ilivuja na kuingia kwenye zile nyaya mbili zisizo na mwenza, palepale ambapo sauti ya ruta ilikuwa inafika ikiwa imedhoofika baada ya mita 60. Ndiyo sababu kupakia faili kuliumia kuliko kusoma ujumbe: unapopakia, unatuma kwa wingi huku majibu yakirudi. Ndiyo sababu pia kupokezana kwa megabiti 10 kuliponya, maana hakuna anayetuma wakati mwenzake anatuma, na kasi yenyewe ni ndogo. Na waya wa namna hiyohiyo ukiwa wa mita mbili ungefanya kazi bila mtu kugundua. Fundi anayefunga hivyo anaweza kufunga waya fupi kwa miaka na kusifiwa, mpaka siku atakapovuta mrefu.

Kuhusu mvua, kijana alikuwa na ushahidi alioutegemea: tatizo lilianza na mvua. Ni kweli vilianza pamoja. Lakini waya nao ulivutwa mwezi huohuo, na chumba nacho kilihamiwa mwezi huohuo. Huku kwetu mvua ikianza Novemba inakwenda mpaka Aprili na kupita, kwa hiyo kila kitu kitakachofungwa kwenye miezi hiyo kitakuwa na mvua ya kusingiziwa. Nilimwomba akumbuke kama kulikuwa na siku hata moja ya jua ambayo kupakia kulikwenda vizuri. Akafikiri, akasema hapana.

Matengenezo hayakuchukua muda. Nilikata vichwa vyote viwili na kufunga vipya kwa mpangilio sahihi. Katika kufunga kuna jambo la kuangalia zaidi ya rangi: usiifumue misokoto kwa urefu. Mafundi wengi hufumua sentimita nne au tano ili nyaya zinyooke vizuri kwa vidole, kisha kichwa kikaingia nusu na ganda likabaki nje. Fumua zaidi kidogo ya sentimita moja, zikate sawa, zisukume mpaka uone shaba imegonga mwisho wa plastiki, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa libanwe na ule ulimi mdogo. Ganda likibaki nje, kila mtu atakayeusogeza waya anavuta nyaya zenyewe.

Nikarudisha kadi kwenye mwendo wa kupatana. Ikashika megabiti 100. Pakiti za baiti 1400 zikaachwa zikienda wakati mama anatuandalia chai, na tulipozisimamisha hakuna iliyopotea. Makosa kwenye netstat -e hayakuongezeka hata moja. Kijana akapakia faili lililokuwa limemkatalia, likaisha. Nikaichomeka pia kompyuta kwenye tundu lake la asili, lile lililodhaniwa limekufa na kusababisha kadi mpya kununuliwa. Lilikuwa zima.

Nilimshauri mama kwamba akivuta waya siku nyingine amwombe fundi atume faili kubwa mbele yake, na asiridhike na taa za testa peke yake. Akaniuliza kama amdai fundi wa kwanza hela ya kadi. Nikamwambia kadi hakuiuza yeye, lakini amwite amwonyeshe vichwa nilivyovikata, na nikamwachia. Nilitaka fundi huyo aone kwa macho, kwa sababu anazo nyumba nyingine za watu alizofunga.

Limebaki jambo moja ambalo sikulimaliza siku ile, nalo ni la hatari kuliko pakiti kupotea. Waya wa shaba unavuka hewani kati ya nyumba mbili, umefungwa kwenye waya wa chuma, kwenye eneo lililo juu zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari ambako miezi ya mvua ina radi za kutosha. Matundu ya mtandao yana kinga ya volti 1,500, na hiyo inatosha kwa tofauti ndogo za umeme kati ya majengo. Kwa radi iliyopiga jirani haitoshi hata kidogo. Radi haihitaji kupiga nyumba. Ikipiga mti wa jirani, waya mrefu unaoning'inia hudaka mshtuko na kuupeleka ncha zote mbili.

Niliwapa njia tatu. Ya kwanza ni kuchomoa waya ncha zote mbili wingu linapofunga, ruta na kompyuta, na si kuzima tu swichi ukutani. Ya pili ni kuushusha waya ndani ya bomba la plastiki chini ya ardhi, ambako pia jua halitalikausha ganda lake. Waya waliotumia ni wa ndani, na ganda la namna hiyo likikaa juani hupasuka, ndipo mvua itakapoingia kweli. Bomba hata hivyo halizuii radi kabisa. Ya tatu, ambayo ndiyo ya uhakika, ni nyuzi za mwanga kati ya nyumba mbili na kigeuzi kila upande, kwa sababu kioo hakipitishi umeme. Ni ghali zaidi ya waya wa shaba. Mama alichagua ya kwanza kwa sasa na ya pili baada ya mvua, udongo ukikauka na mtaro ukichimbika. Ya tatu wataifikiria wakijenga vyumba vya wapangaji upande ule wa uani, maana watahitaji kupeleka mtandao huko kwa vyovyote.